Mashine ya Chipsi na Waya wa Fremu

Leo tuna mazungumzo ya mashine ya kukaangia chipsi, ile ya umeme, ya bati linalong'aa, yenye mabeseni mawili na vikapu viwili vya mikono mirefu. Zamani ukiiona ulijua umeingia hotelini. Siku hizi iko Mbagala, iko Tandika, iko Mwanza karibu na stendi, na Mbeya utaikuta kwenye kibanda ambacho mlango wake ni pazia.

Sababu zake zinajulikana. Mkaa umepanda bei mpaka mkaanga chipsi anapiga hesabu ya gunia la mkaa kabla ya hesabu ya gunia la viazi. Serikali nayo inasukuma: Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme kwenye gridi. Kwa hiyo mashine hizi zitazidi kuja, na mimi nazikaribisha. Karai la mafuta juu ya mkaa halina kipimo cha joto wala swichi. Mkaa ukishakolea huwezi kuuzima kwa kidole. Mashine ina vyote viwili.

Ugomvi wangu uko kwenye ununuzi. Mtu anakwenda Kariakoo na pesa aliyoidunduliza mwaka mzima, anachagua mashine, anapatana bei, anaita Bajaji, na pesa inaishia hapohapo. Mashine ikifika dukani imebaki noti moja ya kununulia ekstensheni. Waya, soketi, sakiti breka, ufundi, hivyo havikuwemo kwenye hesabu. Mimi nasema vitu hivyo ni nusu ya mashine yenyewe, na ambaye hajapata pesa ya vitu hivyo bado hajapata pesa ya mashine.

Hebu tuigeuze mashine tuitazame nyuma. Chini ya kisanduku cha swichi kuna kibati kidogo, wakati mwingine stika ya fedha, chenye maandishi madogo ambayo muuzaji hakusomei. Kimeandikwa volti, kimeandikwa hezi, kimeandikwa kilowati. Mashine za mezani zinazouzwa hapa kwetu nyingi ni za volti 220 hadi 240, na umeme wetu ni volti 230, hapo hakuna neno. Ila kuna wanaoletewa mashine za mtumba na ndugu walioko Marekani. Ukikuta kibati kinasema volti 120, usiichomeke. Hita iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiipa 230 inavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyoundiwa, na haitadumu kufikia kikapu cha kwanza.

Namba inayotuuma zaidi ni ile ya kilowati. Beseni moja la lita sita huwa na hita ya kilowati 2.5 hivi. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 11. Plagi yetu ya pini tatu za mstatili, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina fyuzi ndani yake ya ampia 13, maana yake haipaswi kupitisha zaidi ya wati 2,990. Beseni moja linapita, tena kwa kubanana. Mabeseni mawili ni ampia 22. Ndiyo maana mashine ya mabeseni mawili inakuja na nyaya mbili na plagi mbili. Kiwanda hakikukusudia ukarimu, kimekataa tu kupitisha mzigo wote kwenye plagi moja. Mnunuzi anafanya nini? Anachukua ekstensheni yenye matundu manne, anachomeka plagi zote mbili hapo, na tundu la tatu anampa kijana wa bodaboda achaji simu.

Kama fyuzi ya ekstensheni ni ya kweli, hatimaye itakata. Itakata leo, itakata kesho, na keshokutwa mtu atachoka, ataifungua plagi, atazungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tangu dakika hiyo hakuna kitu kitakachozuia chochote. Waya mwembamba wa ekstensheni unakuwa hita nyingine, na huu hauna themostati.

Dalili zipo, kwa mwenye kuzitafuta. Mashine ikiwa imefanya kazi nusu saa, zima, chomoa plagi uishike. Uvuguvugu si kitu. Ikikuunguza kiganja, iangalie pini: ile ya upande wenye fyuzi mara nyingi huwa imegeuka rangi ya kahawia, na plastiki iliyoizunguka imelainika kidogo, imepoteza makali ya kingo zake. Na kuna harufu. Plastiki za soketi na plagi zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Sasa niambie, kwenye banda linalouza chipsi na samaki, nani ataistukia harufu hiyo?

Tukitoka kwenye plagi tunaingia ukutani, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa hakuna anayeona kitu. Fremu nyingi za biashara zilijengwa mwenye nyumba akiwazia taa mbili, feni, redio, na labda friji ya soda. Waya uliopita ukutani kwenda kwenye soketi ukibahatika ni wa milimita za mraba 2.5, usipobahatika ni ule wa milimita 1.5, wa taa. Soketi zote za fremu ziko kwenye waya huo mmoja, na mara nyingine waya huohuo umeendelea mpaka fremu ya pili kwa fundi cherehani. Fundi umeme akiletwa mbele ya hali hiyo, mazungumzo huwa hivi.

"Fundi, wewe niunganishie tu iwake, hayo mengine tutayaona mbele ya safari."

"Mama, kuwaka itawaka. Shida ni saa mbili usiku, umewasha zote mbili, friji iko kwenye kazi, na jirani yako anapiga pasi."

"Sasa waya mpya shilingi ngapi?"

Fundi anataja. Mama anaguna, anasema kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akipigiwa simu anasema yeye alipangisha fremu, hakupangisha kiwanda. Basi mashine inachomekwa palepale.

Mimi nadhani wote wawili wana haki yao, na dawa iko kwenye mkataba wa pango. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, kubalianeni kwa maandishi: mpangaji anavuta waya mpya kwa gharama yake, mwenye nyumba anaikata gharama hiyo kwenye kodi kidogo kidogo, na siku mpangaji akihama waya unabaki ukutani. Mwenye nyumba amepata fremu yenye thamani zaidi. Wapo wanaofanya hivyo, na hawajafilisika.

Waya wenyewe ukoje? Mashine ya kilowati tano ipate njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, isichangie na kitu kingine. Waya wa milimita 6, breka ya ampia 32, na swichi kubwa ya ukutani ya kuzimia mashine. Ukipenda kubaki na plagi zako mbili, sawa, lakini kila plagi na soketi yake, na kila soketi na waya wake wa milimita 2.5 na breka yake ya ampia 20. Na swichi hiyo kubwa isifungwe nyuma ya mashine. Nimeona kazi nzuri, safi, iliyonyooka, imeharibiwa na jambo hili moja: ili uzime, lazima upitishe mkono juu ya mafuta yanayochemka. Ifungwe pembeni, upande wa mlangoni, mahali ambapo mtu anayerudi nyuma kwa hofu bado anaifikia.

Halafu athi. Hapa sitaki mzaha. Mashine ni bati tupu, mkaangaji ana mikono yenye maji ya viazi, sakafu ni ya saruji na imelowa, na miguuni ana ndala. Siku hita itakapopasuka na umeme ukagusa bati, kitu kitakachoamua kama ni mshtuko au msiba ni waya wa kijani na manjano unaokwenda kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, pamoja na kile kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Hicho kinahisi umeme unaovuja kwenda usikotakiwa, na kikiwa cha miliampia 30 kinakata kabla moyo haujavurugika. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Breka inalinda waya, haikulindi wewe.

Nina neno la pembeni kuhusu RCD, kwa sababu imesingiziwa mengi. Ndani ya hita kuna unga mweupe unaotenganisha koili na bomba lake la nje. Unga huo unavuta unyevu wa hewa. Duka likifungwa wiki kadhaa, hasa huku Pwani, ukiwasha mashine siku ya kwanza RCD inaweza kukata. Watu husema kifaa kibovu, wanamwita kijana wa mtaani, anakiruka kwa kipande cha waya. Kifaa si kibovu. Kimeona umeme unavuja kwenye unga uliolowa. Fundi mwenye kipimo ataipima hita, ataikausha, au atakwambia imekwisha ubadilishe. Na nikisema fundi namkusudia mwenye leseni ya EWURA, ambaye ukimwuliza leseni haoni kama umemtukana. Vishoka, wale mafundi wasio na leseni, mnawajua.

Kwa wale wenye ndoto ya mashine kubwa, zile za kusimama sakafuni, za kilowati tisa na kuendelea: hizo nyingi ni za fezi tatu. Hapo hatuzungumzi tena habari ya soketi. Unakwenda TANESCO kuomba laini ya fezi tatu kwanza, mashine unanunua baadaye. Nimeona mtu kaanza na mashine. Ilikaa miezi ikiwa meza ya kuwekea kreti.

Umeme ukishakaa sawa, tafuta mahali pa kuiweka. Meza ya chuma au ya zege, iliyosawazika, isiyotikisika mtu akiiegemea. Mashine ikiinama, mafuta yanaegemea upande mmoja na hita ya upande wa pili inaanza kuchungulia. Waya usipite kwenye njia ya wateja. Mvua isifike, tone la bati linalovuja likianguka kwenye mafuta ya nyuzi 175 utajuta kuchelewa kuziba tundu.

Na kuna jambo letu sisi hasa, la chipsi mayai. Chipsi zinatoka kwenye mashine zinaingia kwenye kikaangio cha mayai, na kikaangio kiko juu ya jiko la gesi. Kwa urahisi wa kazi, jiko la gesi linawekwa ubavuni kwa mashine, bega kwa bega. Marekani, ambako sheria za majiko ya biashara zimeandikwa baada ya mioto mingi, wanataka kati ya mashine ya mafuta na moto wa wazi pawe na inchi 16, yaani sentimita 40 na kidogo. Nafasi ikikosekana, wanataka kizuizi cha chuma kinachosimama inchi 8 juu ya usawa wa majiko, kama sentimita 20. Bati la sentimita 20 mchomeleaji wa mtaani analikata na kulisimamisha kwa muda wa kunywa chai. Sijui kwa nini silioni mara nyingi zaidi.

Haya, mafuta. Mafuta yanaingia kwanza, umeme baadaye. Ndani ya beseni kuna mistari miwili, wa chini na wa juu. Chini ya mstari wa chini, hita inatoka nje ya mafuta. Hita iliyo nje haina pa kupeleka joto lake. Inawiva mpaka inakuwa nyekundu, na utando wa mafuta uliobaki juu yake unawaka. Mabeseni mengi yanaungua hivi, jioni, biashara ikiwa imechanganya, mafuta yamepungua kikapu kwa kikapu na hakuna aliyetazama chini. Wenzetu wa Njombe na Makete wana jambo lao zaidi: mafuta ya mawese huganda kwa baridi. Yakiganda beseni linaonekana limejaa, kumbe pembeni mwa hita kuna mapengo ya hewa. Yayeyusheni kwanza kwenye sufuria, au washeni kwa joto la chini kabisa mkiwa mmesimama hapohapo.

Kitufe cha kuzungusha joto kinaeleweka vibaya sana. Saa moja jioni umeme wa mtaani unashuka, volti 230 inakuwa 190, na nguvu ya hita inabaki kama theluthi mbili. Chipsi zinachelewa, foleni inanuna. Kijana mkaangaji anazungusha kitufe mpaka mwisho, nyuzi 200. Hajaongeza kasi hata chembe, maana kitufe hakiongezi nguvu. Kinasema tu wapi hita isimame. Alichofanya ni kuondoa kituo cha nyuzi 175. Wateja wakipungua na volti zikirudi, mafuta yanapanda mpaka yanatoa moshi, na mtu anashangaa mbona leo mafuta yameharibika mapema. Umeme ukiwa mdogo, punguza viazi kikapuni. Nusu ya kikapu, basi.

Nyuzi 175 yenyewe sikuiokota njiani. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali vinatengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, inayoshukiwa kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya ukaja kuandika kanuni mwaka 2017, na kwa chipsi unataka mafuta yasipite nyuzi 175. Kiazi kiwe cha dhahabu, kisiwe cha kahawia. Kuloweka viazi vilivyokatwa kunasaidia kuondoa sukari na wanga wa juu, lakini hapo ndipo hatari nyingine inapoingia, nayo ni maji.

Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,700 hivi ya ile yaliyokuwa nayo. Kijiko kimoja cha chakula kinakuwa mvuke wa kujaza ndoo ya lita ishirini na kumwagika. Sasa fikiria viazi vilivyotolewa kwenye beseni la maji vikachuruzika kidogo tu, au paja la kuku lenye barafu ndani ya mfupa. Mafuta yanapanda kwa povu, yanavuka ukingo, yanatelemka juu ya swichi. Viazi vikaushwe kwa kitambaa safi, kuku ayeyuke kabisa, na kikapu kishushwe pole pole, kiguse, kisikilizwe, ndipo kizame. Mkaangaji mzoefu husikiliza sauti kabla ya kuachia mkono.

Pale nyuma, karibu na kile kibati, kuna kitufe kidogo chekundu, mara nyingi kimefunikwa kwa kifuniko cha mpira. Ni cha themostati ya pili. Ya kwanza ikifa na joto likapanda mpaka karibu nyuzi 230, hii inakata umeme wote na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono. Watu wanabonyeza, inawaka, wanashukuru. Ikikata tena wanabonyeza tena. Jamani, kitufe hicho kikiruka kinakupa habari kwamba mlinzi wa kwanza amekufa au mafuta yamekwisha. Bonyeza mara moja baada ya kujua sababu. Kikiruka tena, mashine ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Na ukimsikia mtu anasema themostati ya pili inasumbua kwa hiyo ameiunga moja kwa moja, usisimame karibu na mashine yake.

Kwa sababu zaidi ya hapo hakuna kizuizi. Mafuta ya kupikia yakifika kati ya nyuzi 340 na 400, kutegemea aina na uchakavu wake, yanajiwasha yenyewe, bila kiberiti. Na moto huo una tabia yake: ukizima mwali juu, mafuta bado yana joto la kujiwasha, yanawaka tena. Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1990 McDonald's iliacha kukaangia mafuta ya ng'ombe nchini humo ikahamia mafuta ya mimea. Migahawa mingi ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo, na mashine zikawa zinatunza joto vizuri zaidi. Kwa mafuta hayo na mashine hizo, mitambo ya zamani ya kuzima moto, ya unga, ikaonekana haitoshi tena. Mwaka 1994 kipimo kipya kikawekwa, na mitambo ya kemikali ya majimaji ikachukua nafasi.

Kemikali hiyo inafanya kazi ninayopenda kuieleza. Ikigusana na mafuta ya moto inaligeuza tabaka la juu kuwa sabuni. Kweli, sabuni, kwa kanuni ile ile wanayotumia wanaochemsha sabuni za mawese kule Kigoma. Povu la sabuni linafunika, linazuia hewa, na maji yake yanapooza. Mtungi wa kununua uwe umeandikwa herufi F kwa ule wa Ulaya, au K kwa ule wa Marekani. Mitungi myekundu ya unga iliyojaa madukani inaweza kuangusha mwali, lakini haipoozi mafuta, na ukiipuliza kwa karibu inayarusha.

Moto ukitokea na mtungi huna? Zima swichi kubwa, ile ya pembeni. Kama mwali ni mdogo na unaweza kufika bila kuinama juu yake, funika kwa kifuniko cha chuma cha mashine, na usikifunue kuchungulia. Usimwage maji. Usiinue beseni ukimbie nalo nje. Aliyelibeba ndiye anayeungua. Kama umekushinda, toa watu, piga 114 Zimamoto, na usirudi ndani kufuata droo ya pesa.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote haina moshi wala kelele, na ni ya kwetu kabisa. Umeme unakatika saa tatu usiku, viazi vikiwa kikapuni. Kijana anasubiri, haurudi. LUKU imeisha, au mtaa mzima umelala gizani. Anatoa viazi, anamwaga mafuta kwenye sufuria ili asafishe beseni, anafunga, anakwenda kulala. Kitufe kimebaki nyuzi 175, swichi imebaki chini. Saa nane usiku umeme unarudi. Beseni ni kavu. Hita inawaka ndani ya duka lililofungwa kwa kufuli mbili, na juu yake kuna kitambaa cha kufutia. Themostati haiwezi kuaminika hapo, kwa sababu kichwa chake kinapima mafuta, na mafuta hayapo. Kwa hiyo umeme ukikatika, kabla ya kutafuta tochi, rudisha kitufe kwenye sifuri, zima swichi ya ukutani, chomoa. Kama kuna kanuni moja ya kuandika kwa chaki ukutani, iwe hiyo.

Na mafuta hayo ya kumwaga, yasimwagwe yakiwa ya moto. Lita sita zinakaa na joto saa kadhaa. Ndoo ya plastiki inayeyuka nayo, na nimeona miguu iliyobeba alama. Yaache usiku kucha na kifuniko juu, yachujwe asubuhi. Kisanduku cha swichi kinang'olewa juu kwanza na hakizamishwi majini hata siku moja. Kinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Nimalizie upande wa huyo kijana. Mara nyingi ni wa miaka kumi na tisa, ishirini, katoka mkoani, na wapo wanaolala humo humo dukani. Mnunulieni viatu vya kufunika, vya soli isiyoteleza, na aproni nzito inayofika chini ya magoti. Ndala na mafuta ya nyuzi 175 havipatani. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, funika kwa kitu safi kisichonata, halafu hospitali. Dawa ya meno, ute wa yai na unga wa ngano vinafungia joto ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua. Dakika 20 ni ndefu kwa aliyeungua. Mwingine akae naye.

Kabla sijaaga, wengi huniuliza: je, umeme ukikatika naweza kuiwasha kwa jenereta? Ukiwa na jenereta ndogo ya kilovolti-ampia 2.5, ile ya kubebwa na mtu mmoja, jibu ni hapana, hata beseni moja litaielemea. Kwa mabeseni mawili unahitaji ya kilovolti-ampia 7 au 8, fundi aiunge kwa swichi ya kugeuza ili umeme wako usirudi kwenye laini ya TANESCO ukamkuta mtu juu ya nguzo, na ikae nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake unaua. Piga hesabu ya petroli kwa sahani moja ya chipsi. Wengi wakiipiga wanafunga duka usiku huo, wanalala.

Usiku mwema.